Hamali, Kibarua na Kuli: Historia ya Majina ya Wachukuzi wa Bandarini

Utangulizi

Mfasiri anayepewa nyaraka za zamani za bandari hukutana mapema na tatizo moja. Mbele yake pana watu wanaobeba magunia kutoka tishari hadi ghalani, naye hajui awaiteje. Kiswahili kina majina mengi ya watu hao: hamali, mchukuzi, mpagazi, kibarua, kuli, mpakiaji, mfanyakazi wa bandari. Aghalabu mfasiri huchukua jina lililo karibu na kalamu yake, kwa imani kwamba majina hayo yote yana maana moja na kwamba tofauti yake ni ya ladha tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kila jina katika orodha hiyo lilizaliwa na namna fulani ya kuajiri na kulipa. Anayelibadilisha bila kujua hubadilisha pia habari ya nani alikuwa mtumwa, nani alikuwa huru, nani alilipwa kwa mzigo na nani kwa siku. Katika nyaraka za kihistoria kosa hilo hupotosha historia. Katika nyaraka za sheria na ajira laweza kumnyima mtu haki yake. Tutatazama hasa majina matatu, yaani hamali, kibarua na kuli, kisha tutatoa mapendekezo machache kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Hamali: aitwaye kwa mzigo wake

Neno hamali limetokana na Kiarabu, katika shina lenye maana ya kubeba. Shina hilo limekipa Kiswahili ukoo mzima wa maneno. Kuhimili ni kubeba uzito bila kuanguka; kustahimili ni kuubeba kwa moyo; na himila ni mzigo, na pia mimba, ambayo ni mzigo wa mama. Kwa hiyo hamali ni ndugu wa maneno ya heshima. Asili yake haina tusi lolote.

Neno hili lilisafiri mbali. Waturuki wanalo, Waajemi wanalo, na katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi, hususan Bombay na viunga vyake, hamali lilikuwa jina la kawaida la mchukuzi. Majahazi ya kusi na kaskazi yaliyoleta mchele na nguo, na kurudi na boriti na pembe, yalikuwa yakipita katika bandari ambazo zote zilimwita mbeba mizigo kwa jina moja au kwa jina lililofanana nalo. Baharia wa Muscat alipofika Unguja hakuhitaji mkalimani ili apate mtu wa kumshushia tende zake.

Katika mji wa Unguja wa karne ya 19 mahamali walikuwa kundi lenye kazi yake na taratibu zake. Mizigo mizito waliibeba wawili wawili, au wanne wanne, kwa mzegazega, yaani mti unaowekwa mabegani na mzigo ukaning'inia katikati, nao walikwenda kwa wimbo ili hatua zilingane. Bei ilipatanwa kwa mzigo na kwa umbali. Wengi wao walikuwa watumwa waliopelekwa na mabwana zao kutafuta ujira mjini, na jioni wakagawana nao kile walichopata. Wengine walikuwa watu huru, wakiwamo Washihiri kutoka Hadhramaut, ambao Unguja na Mombasa walijulikana kwa uhamali na kwa uchuuzi wa maji na kahawa. Hivyo hamali hakuwa wa kabila moja wala wa hali moja. Kilichowaunganisha ni mzigo, kwani hamali alilipwa kwa alichobeba, na alipokwisha kukitua mapatano yalikuwa yamekwisha.

Yafaa hapa tulitazame kidogo neno mchukuzi, ambalo ni la Kibantu na lina maana ile ile ya hamali. Tangu mwanzo majina haya mawili yalifanana kabisa, ila maisha yake yakatengana. Hamali alibaki na mkokoteni wake sokoni. Mchukuzi alizaa uchukuzi, na uchukuzi likawa jina la wizara za serikali Tanzania na Kenya. Neno lililomtaja mtu mwenye gunia begani sasa limeandikwa juu ya milango ya mawaziri. Hapana shaka kwamba cheo cha neno hakitokani na asili yake, kwa sababu mawili haya yalianza na maana moja. Hutokana na nani alilitumia, wapi na kwa shughuli gani.

Mpagazi naye alikuwa mtu wa njia ndefu. Yeye alibeba mzigo wa msafara kutoka bara hadi pwani na kurudi, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliopata sifa kubwa katika kazi hiyo. Mkataba wake ulikuwa wa safari nzima. Jina hili halihusu bandari moja kwa moja, na anayelitumia kwa mtu wa gatini amemhamisha kutoka kazi moja hadi nyingine. Leo linaishi vizuri kwa wale wanaopandisha mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, kwani kazi yao nayo ni ya safari. Kumbukumbu nyingine ya wachukuzi wa njia ndefu imebaki katika majina ya mahali: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yote yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi waliolazimishwa kuyabebea majeshi ya Waingereza mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kibarua: aitwaye kwa karatasi yake

Neno kibarua ni udogo wa barua. Maana yake ya kwanza ni kijikaratasi, nacho kilikuwa cheti alichopewa mtu aliyeajiriwa kwa siku, ili jioni akionyeshe na alipwe. Baadaye jina la cheti likahamia kwa mwenye cheti. Hili ni jambo la kuangaliwa na walimu wa sarufi, kwa sababu limeacha alama katika lugha. Umbo ni la ngeli ya ki-vi, lakini upatanisho ni wa mtu: twasema kibarua amefika, vibarua wamelipwa. Pale tunaposema kibarua kimekwisha, tunarudi kwenye kazi au kwenye karatasi yenyewe.

Katika Unguja ya karne ya 19 vibarua nao aghalabu walikuwa watumwa wa kukodishwa, wanaume kwa wanawake, waliobeba mawe na chokaa katika ujenzi, waliosafisha na kupakia bidhaa, na waliogawana ujira na mabwana zao. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Utumwa uliondoka, ila ajira ya siku ilibaki, na jina lake likabaki nalo. Mtu huru akaanza kuitwa kwa jina ambalo babu yake aliitwa alipokuwa mali ya mtu.

Hata hivyo, tusiharakishe kuhukumu. Kwa watu wa pwani kibarua cha siku kilikuwa na faida yake. Mtu aliyekuwa na shamba la minazi au mihogo nje ya Mombasa aliweza kufika Kilindini siku chache, akapata fedha ya kodi na nguo, kisha akarudi kwake kulima. Hakufungwa na mwajiri mwezi mzima. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walililalamikia jambo hili mara nyingi: walitaka meli ipakuliwe siku ifikayo, nao hawakupenda kutegemea watu waliokuja wapendapo. Basi ndani ya neno moja palikuwa na mambo mawili, uhuru wa anayeweza kukataa na wasiwasi wa asiyejua kesho atakula nini. Kadiri ardhi ya pwani ilivyozidi kumilikiwa na wengine na watu wa bara walivyozidi kuingia mjini bila shamba karibu, upande wa uhuru ulipungua na upande wa wasiwasi ukakua.

Wasiwasi huo ndio uliosalia katika semi zetu. Anayefukuzwa kazi husemwa kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Magazeti ya michezo huandika kwamba kibarua cha kocha kiko mashakani, ijapokuwa kocha huyo analipwa mamilioni na ana mkataba wa miaka miwili. Kazi nzito huitwa kibarua kigumu. Neno limepanda na kuenea, lakini kiini chake hakikubadilika: ni kazi ambayo mwenyewe hana hakika nayo.

Kuli: aitwaye kwa ujira wake

Sasa tunafika kwenye neno lenye ubishi zaidi. Kuli limetoka Bara Hindi, na wataalamu wametoa maelezo mawili juu ya asili yake. Maelezo ya kwanza ni kwamba limetokana na neno la Kitamil lenye maana ya ujira. Ya pili ni kwamba limetokana na jina la jamii ya Wakoli wa magharibi mwa Bara Hindi, ambao wengi wao walifanya kazi za mikono. Yawezekana kwamba majina mawili yaliyofanana yalikutana na kuchanganyika. Wareno walilichukua, kisha Waholanzi, Waingereza, Wafaransa na Wajerumani, nalo likafika China, ambako liliandikwa kwa alama mbili zisomekazo kama nguvu chungu.

Ikiwa maelezo ya Kitamil ni sahihi, basi tuna majina matatu yaliyopangika vizuri: hamali aliitwa kwa mzigo, kibarua kwa karatasi, na kuli kwa ujira. Na kwa hakika kuitwa mtu wa ujira si tusi. Lililoliharibu neno hili ni matumizi yake katika karne ya 19. Baada ya utumwa kukomeshwa katika makoloni ya Uingereza, wenye mashamba ya miwa walitafuta watu wengine wa kazi, nao wakaletwa Wahindi kwa mikataba ya miaka kadhaa ambayo ilikuwa vigumu kuivunja. Mauritius peke yake ilipokea karibu nusu milioni yao kati ya 1834 na 1920. Waliteremkia katika bandari ya Port Louis, mahali palipoitwa Coolie Ghat. Msomaji ataona kwamba jina hilo lina maneno mawili tuyajuayo: kuli, na gati, ambalo nalo limetufikia kutoka Bara Hindi.

Afrika Mashariki kuli alikuja pia kwa njia ya reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta Wahindi wapatao 32,000 kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Takriban 2,500 walikufa katika kazi hiyo, na 6,700 hivi walibaki baada ya mikataba yao kwisha. Katika vinywa vya wasimamizi wao hao wote waliitwa makuli. Huko Afrika Kusini neno lilivuka mpaka wa kazi kabisa likawa jina la kumdharau Mhindi yeyote, awe mbeba mizigo au mwenye duka. Gandhi ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba alijulikana huko kama mwanasheria kuli.

Katika Kiswahili neno lilichukua njia yake lenyewe. Halikuwa jina la kabila. Lilikwenda gatini, likamshika mtu yeyote aliyefanya kazi ya kupakia na kupakua meli, awe Mswahili, Mdigo, Mzaramo, Mnyamwezi au Mshihiri. Umbo lake la wingi, makuli, liliingia pamoja na makarani, mabaharia na mahamali, yaani majina ya kazi yaliyotoka ng'ambo na kupokewa kwa ma-. Likajiunga na msamiati mzima wa bandari: tishari lililochukua shehena kutoka meli iliyotia nanga nje, ngama ya meli, winchi, genge la watu wa zamu moja, na serahangi aliyewasimamia. Hapa ipo tofauti kubwa kati ya kuli na hamali. Hamali alipatana bei mwenyewe na mwenye mzigo. Kuli aliajiriwa na kampuni, akawekwa katika genge, akafuata saa za meli. Mwenye mzigo hakumjua, naye hakumjua mwenye mzigo.

Makuli na madai yao

Hali hiyo ya kufanya kazi kwa magenge ndiyo iliyowapa makuli nguvu. Watu walioshika mlango wa nchi, ambao wakikaa siku tatu meli hukaa nazo, walitambua mapema uzito wao. Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mwezi Septemba 1947 mgomo wao ulitoka bandarini ukafuata reli ya kati hadi miji ya bara. Mombasa iligoma 1939, kisha mwezi Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa bandari, reli, mahoteli na nyumba za watu waliacha kazi kwa siku kumi na mbili. Walikutana katika uwanja wa mpira, wakaupa jina jipya: Kiwanja cha Maskini. Unguja ilifuata Agosti na Septemba 1948, mgomo ulipoanza kwa watu wa gati ukaenea mji mzima.

Mgomo huo wa Unguja ndio uliompa Adam Shafi kisa cha riwaya yake, Kuli, iliyotolewa mwaka 1979. Mwandishi hakuliepuka neno lililokuwa limechukua dharau ya miaka mingi. Aliliweka juu ya jalada, na tangu hapo msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kukumbuka pia watu waliokataa kudharauliwa. Riwaya imelipa neno sura ya pili. Hili ni jambo ambalo sisi tunaofanya kazi ya istilahi hatuna budi kulikumbuka: maana ya neno haitengenezwi na kamati peke yake.

Lakini migomo ilidai nini? Ilidai ujira zaidi, naam, na pia nyumba, chakula, posho ya hali ngumu ya maisha baada ya Vita Kuu ya Pili, na malipo kwa aliyeumia kazini. Ukiyatazama madai haya kwa pamoja, utaona kwamba yote yanataka mtu wa bandarini atoke katika ajira ya siku na kuingia katika ajira inayomjua kwa jina. Dar es Salaam chama kilichoundwa 1947 kilijiita kwa Kiingereza chama cha wafanyakazi wa bandari na wapakuzi wa meli. Hakikujiita cha makuli. Serikali ilikivunja mwaka 1950 baada ya mgomo na ghasia za mwaka huo, ila mwelekeo haukurudi nyuma. Katika miaka ya 1950 watu wa bandari wa Mombasa na Dar es Salaam waliandikishwa katika madaftari, idadi ya wanaookotwa mlangoni asubuhi ikapunguzwa, na wengi wakawa watu wa mshahara.

Ndiyo sababu mfasiri anayezichukua taarifa za 1947 na kuandika mfanyakazi wa bandari kila palipo na kuli huiondoa sababu ya mgomo. Amewapa tangu ukurasa wa kwanza lile walilokuwa wakilipigania hadi ukurasa wa mwisho. Na yule anayeandika kuli katika taarifa ya mwaka jana amewanyang'anya lile walilokwisha kulipata.

Mafunzo kutoka ng'ambo ya bahari

Huko maneno haya yalikotoka pana mifano miwili ya kutufunza. Mwaka 1969 jimbo la Maharashtra lilitunga sheria ya kusimamia ajira na maslahi ya wabebaji mizigo. Jina la sheria hiyo linawataja kwa majina yao ya kale: mathadi, yaani abebaye kichwani, na hamali. Hawakutafutiwa jina jipya. Waliwekewa bodi za kuwaandikisha, kukusanya ujira wao kutoka kwa waajiri na kuwawekea akiba na matibabu. Jina la zamani likaingia katika kitabu cha sheria likiwa limebeba haki.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2016. Bajeti ya reli ya India ilitangaza kwamba wabeba mizigo wa stesheni, waliokuwa wakiitwa makuli tangu enzi za Waingereza, sasa wataitwa sahayak, yaani msaidizi. Nia ilikuwa njema. Lakini mbeba mizigo wa stesheni hulipwa na abiria kwa mzigo, si kwa mshahara wa reli, na jina jipya halikuligusa jambo hilo. Zaidi ya hayo, msaidizi ni jina pana mno: halisemi anasaidia nini, wala ana mkataba gani.

Twaweza kuongeza habari ya Mauritius. Coolie Ghat iliitwa baadaye Aapravasi Ghat, gati ya wahamiaji, na mwaka 2006 ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hapo ubadilishaji ulifaa, kwa sababu jina la mahali pa kumbukumbu ni heshima kwa waliopita. Hata hivyo vitabu vya historia havikuacha kutaja jina la kwanza, maana bila hilo mgeni asingeelewa kwa nini la pili lilihitajika.

Mapendekezo

Kutokana na hayo yaliyotangulia, tunapendekeza kwa wasomaji wetu yafuatayo.

Kwanza, katika kufasiri nyaraka za kihistoria, ushuhuda wa watu na kazi za fasihi, neno la wakati libaki. Palipo na kuli, liandikwe kuli, na maelezo mafupi yatolewe mara moja panapohitajika. Mfasiri asiwe msafishaji wa historia.

Pili, katika sheria, mikataba na taarifa za leo, mtu atajwe kwa kazi yake na kwa mkataba wake, vyote viwili. Kwa jumla mfanyakazi wa bandari latosha. Lakini bandari zina tofauti ambayo neno kuli liliificha. Wapo wanaofanya kazi ndani ya meli, wakipanga na kufungua shehena, na wapo wanaoipokea nchi kavu na kuipeleka ghalani. Kiingereza kina istilahi mbili kwa kazi hizo, na mara nyingi kazi hizo zimefanywa na waajiri wawili tofauti. Tunapendekeza mpakiaji na mpakuaji wa meli kwa yule wa kwanza, na mchukuzi wa gati kwa yule wa pili. Mtu akiumia, swali la kwanza la fidia ni alikuwa upande gani wa ngazi ya meli na chini ya mwajiri gani. Istilahi inayochanganya pande mbili humfanya karani apeleke faili mahali pasipo pake.

Tatu, neno kibarua litumiwe kwa uangalifu mkubwa kuliko yote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamhesabu mtu kuwa mfanyakazi wa kutwa iwapo hulipwa kila mwisho wa siku na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi, sheria humgeuza kuwa mtu wa mshahara wa mwezi pamoja na haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, ilipotungwa, ilitaja mikataba ya aina tatu: ya muda usio na kikomo, ya muda maalumu kwa wataalamu na mameneja, na ya kazi maalumu. Kibarua si mojawapo. Basi afisa anayemwandika kibarua kila mtu mwenye kipato kidogo, hata aliyekuwa hapo miaka mitatu, anaandika kana kwamba sheria hizo hazikutungwa. Pale ambapo ajira ni ya siku kweli, tunaona mfanyakazi wa kutwa ni istilahi iliyo wazi zaidi, na kibarua libaki katika mazungumzo na semi, ambamo limekwisha kujenga nyumba.

Nne, hamali lisizikwe. Lingali hai pwani kwa mtu abebaye kwa kupatana, kwa mgongo au kwa mkokoteni, sokoni na mitaani. Hakuna neno jingine linaloitaja namna hiyo ya kulipwa kwa ufupi kama huo, na mfano wa Maharashtra waonyesha kwamba haliizuii haki kuingia.

Tano, kamusi zieleze matumizi ya kuli kwa ukamilifu: kwamba ni mpakuaji wa meli katika historia ya pwani, kwamba nje ya hapo, kama mtu asemapo mimi si kuli wako, lina maana ya kutumikishwa bila heshima, na kwamba kumwita nalo mtu wa asili ya Kihindi ni tusi. Maana tatu zikifungwa katika sentensi moja, mwanafunzi hubaki hajui lini neno ni la kawaida na lini linauma.

Tamati

Leo makontena na mitambo mikubwa ya gatini vimechukua sehemu kubwa ya kazi ambayo zamani ilifanywa na mabega ya watu. Genge la zamani limekuwa watu wachache wenye kofia ngumu, na baadhi yao huendesha mashine zenye thamani kubwa. Majina mapya yatahitajika, na mengine yamekwisha kuingia kwa Kiingereza kabla hatujayapatia ya Kiswahili. Wasomaji walio katika bandari za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Mtwara na Unguja wanaombwa watuandikie majina wanayoyatumia wenyewe kazini, pamoja na maelezo ya nani huajiri, nani hulipa, na kwa kipimo gani, iwe mzigo, zamu, siku au mwezi. Jina bila maelezo hayo halitatusaidia kulipatia istilahi. Maelezo hayo ndiyo tuliyoyakosa kwa majina mengi ya zamani, na ndiyo yaliyowafanya wengi wayadhani kuwa ni neno moja.